Naibu wa Ramadhani

Wivu wa mapenzi una nyimbo zake. Wivu wa mpiga muziki kwa mpiga muziki mwenzake hauna wimbo, maana hakuna anayetaka kuutunga akasikika. Badawy aliishi na wivu wa namna hiyo wiki tano nzima mwaka huu, tangu wiki moja baada ya Idi mpaka theluji ya mwisho ilipokwisha kandokando ya barabara za Saint Paul, na afadhali tuseme mapema kwamba aliutafuta mwenyewe, kwa mdomo wake, akiwa ameshika kikombe cha chai.

Siku za kazi alikuwa dereva wa gari la hoteli moja huko Bloomington, akichukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Hiyo ilikuwa riziki. Raha yake ilikuwa Jumamosi, anapoketi nyuma ya kinanda cha Dale Street Deacons, bendi ya muziki wa soul iliyozaliwa mwaka wa sabini na nne katika chumba cha chini ya nyumba moja mtaa wa Frogtown. Mtu wa Kibokoni, Mombasa, umri miaka sitini na mmoja, sala haimpiti, na jina la bendi yake maana yake ni mashemasi. Wenzake wa msikitini walimwita Shemasi Badawy mpaka utani ukachoka wenyewe.

Deacons hawakuwa watu wadogo, ila ukubwa wao ulikuwa na mipaka. Duluth waliwajua. Fargo waliwajua, na Eau Claire, na kila mji wenye maonyesho ya kilimo, kasino, au baba anayeoza binti na kutaka watu wacheze. Ukienda Chicago ukataja jina lao, utaulizwa ni kanisa gani. Walitoa santuri ndogo mbili ujanani, nyimbo nne kwa jumla. Miaka ya themanini kampuni kubwa zikaja Minneapolis kutafuta sauti mpya, zikapita mlangoni kwao bila kubisha hodi, zikaenda kwa vijana wenye mashine. Kiongozi na mwimbaji wao, Alfred, aliendesha basi la jiji miaka thelathini na mmoja na kuimba kila mwisho wa wiki. Sasa ana sabini na minne, ana kifaa cha kusaidia kusikia katika sikio la kushoto, na sauti ambayo hata ikiwa imechakaa, ikitoka katikati ya karamu watu huweka uma chini.

Badawy aliingia katika bendi hiyo kwa sababu ya dhoruba. Miaka kumi na minne iliyopita Deacons walikuwa wanapiga harusi katika hoteli yake, na mpiga kinanda wao akakwama barabarani kwenye theluji. Alfred alikumbuka kwamba yule dereva aliyewabebea vyombo alisema kwao alipiga kinanda katika kikundi cha taarab. Akamfuata kwenye kaunta.

"Njoo utupigie," akamwambia kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Aa, mimi ni nani," akasema Badawy.

"Nakuomba."

"Wako wanaojua zaidi yangu."

Alfred akamshika mkono. "Ndugu yangu, hakuna mwingine."

Ndipo Badawy akaenda, akaketi, akapiga mpaka bibi harusi akavua viatu, na tangu usiku ule kiti kikawa chake.

Sasa hapa inabidi niseme kidogo kuhusu adabu za watu wa pwani, maana kisa chote kimekaa juu yake. Katika kikundi cha Badawy kule Kibokoni, mtu akikaribishwa kwenye jambo la heshima halirukii kama paka aliyeona samaki. Mara ya kwanza hujishusha. Mara ya pili humtaja mwingine. Mara ya tatu, mwenyeji akishikilia, ndipo huketi, na kila mtu ameridhika, kwa sababu kila mtu alijua tangu mwanzo kiti ni cha nani. Hakuna aliyewahi kupoteza kiti chake kwa njia hiyo. Babake Badawy alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Badawy alilimeza neno hilo likawa mfupa mmojawapo mwilini mwake. Usiku ule wa dhoruba Alfred alimwomba mara tatu kamili, na Badawy akaondoka akidhani Wamarekani nao wana adabu ileile. Masikini, Alfred alikuwa na shida tu.

Ilibaki Ramadhani. Mwezi huo Badawy hakupiga muziki, Jumamosi zake zilikuwa za tarawehe. Miaka mingi bendi ilipiga bila kinanda kwa mwezi huo, mpaka mwaka juzi Badawy alipokwenda kwenye sherehe ya Jamhuri ya Wakenya akamsikia Muriuki. Muriuki alikuwa nesi, mtu wa Nyeri, umri miaka thelathini na minane, anakaa Champlin na kupiga kinanda katika kanisa la Wakenya. Badawy alimpenda papo hapo, akampeleka kwa Alfred mwenyewe, akamwita naibu wangu wa Ramadhani na kucheka kwa jina hilo alilolibuni. Ramadhani ya kwanza ikapita salama. Baada ya Idi, mama mmoja katika kasino akamuuliza Badawy yule kijana mwingine yuko wapi. Ramadhani ya pili ikapita, na safari hii waliomuuliza walikuwa watatu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe Badawy alikuwa ameishona kwa mkono wake.

Wiki moja baada ya Idi ya mwaka huu, Alfred aliwaita wote wawili jikoni kwake Frogtown. Kulikuwa na habari. Natasha, mwanamke mwenye kampuni ndogo ya santuri huko Minneapolis, alikuwa amezisikia zile nyimbo nne za kale na alitaka kuwarekodia Deacons santuri nzima, nyimbo sita, kwa siku tatu. Ilikuwa santuri yao nzima ya kwanza katika miaka hamsini na miwili. Daktari wa koo alikuwa amemwambia Alfred mambo ambayo yalifanya ionekane itakuwa ya mwisho pia.

"Badawy," akasema Alfred, akimmiminia chai. "Kwenye kinanda nakutaka wewe. Utapiga?"

Moyo wa Badawy uliruka kama wa mtoto. Alikuwa hajawahi kuandikwa jina mahali popote, kule wala huku. Kaseti za kikundi chao cha Mombasa ziliuzwa na jina la mwimbaji peke yake. Alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu alipoposa. Kwa hiyo akasema:

"Aa, Alfred, mimi mzee sasa. Mpe Muriuki, ana mikono."

Alfred aliweka birika chini. "Una hakika?"

"Kijana anajua kuliko mimi," akasema Badawy, na tayari alikuwa amekisogeza kiti nyuma kidogo ili apate kuinuka vizuri atakaposhikwa mkono.

Hakushikwa. Alfred alimtazama kwa muda mrefu, uso umemlegea, kisha akatikisa kichwa. "Sawa. Nimekuelewa." Akamgeukia Muriuki. "Basi ni wewe, kijana."

Muriuki alimtazama Badawy. Akatazama kikombe chake. Akasema asante.

Nyumbani, mkewe Fathiya alimsikiliza mpaka mwisho huku akikunja abaya za dukani. Alikuwa na kibanda cha nguo katika lile duka kubwa la Bloomington, na mikono yake ilikunja hata pasipokuwa na haja.

"Kwani wewe hukitaka?" akauliza.

"N'likitaka sana."

"Na ukasema hukitaki."

"Nilisema mara mbili tu, Fathiya. Ilibaki ya tatu."

Binti yao Raisa, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hakijibu, aliinua macho kwenye simu. "But Baba, you said no. Like, twice."

Badawy alikwenda kulala.

Kisha ukaanza wivu. Kwanza alijiambia si wivu, ni uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. Lakini aliyemdhulumu ni nani? Alfred alikuwa Mmarekani, hakujua. Hasira zote zikamwangukia Muriuki. Yule ni Mkenya, alijua. Bara hawana taarab lakini wana mama zao, wamefundishwa kukataa chakula cha watu mara mbili kabla ya kukila. Alijua, akanyamaza, akasema asante. Kila Badawy alipoyarudia maneno hayo yalimwingia kifuani upya.

Akawa hawezi kusikiliza redio garini. Wageni walikaa kimya toka uwanja wa ndege hadi hotelini wakidhani dereva amefiwa. Aligundua kwamba kanisa la Muriuki hurusha ibada mtandaoni, akaanza kuzitazama kwa vipokea sauti masikioni, saa mbili na nusu kila moja, mahubiri na matangazo na yote, akitafuta kosa. Katika ibada tatu alipata moja, kidole kilichochelewa kwenye pambio la sadaka. Alilirudisha na kulirudisha, na kila mara lilimpa faraja ndogo.

Fathiya alimfumania sebuleni. "Baba Raisa. Waangalia kanisa?"

"Naangalia mikono."

"Haya." Fathiya aliketi kando yake, akatazama kidogo. "Lakini huyu yuwapiga vizuri."

Badawy alizima simu.

Katikati ya Aprili ujumbe ukaingia, akiwa kwenye foleni ya magari pale uwanja wa ndege. Muriuki aliandika: "Mzee Badawy habari. Hiyo intro ya Basi la Mwisho huwa unaingia aje? Naomba unionyeshe, nimejaribu imenishinda."

Basi la Mwisho la Dale ulikuwa wimbo wa Deacons wa kufungia, mtu aliyepanda basi la mwisho anapita mbele ya nyumba ya mwanamke aliyemwacha. Kwa miaka kumi na minne Badawy aliufungua kwa mapambo yake ya kitaarab, vidole vikizunguka noti moja kabla ya kuikalia, na watu wa Wisconsin walipiga vigelegele vya kwao bila kujua wanashangilia nini. Ufunguzi huo ulikuwa wake kabisa. Badawy aliusoma ujumbe mara mbili na hakujibu. Siku ya pili: "Mzee uko salama?" Hakujibu pia. Alijisikia vizuri kwa kiasi cha nusu saa.

Siku mbili za kurekodi zikapita. Siku ya tatu, Alhamisi, ilikuwa zamu yake ya mapumziko, na Fathiya aliamka alfajiri akakaanga mahamri na sambusa, akazifunika kwa kitambaa katika sinia.

"Wapelekee," akasema. "Na ukifika useme wataka. Umebaki wimbo mmoja. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

"Aibu, Fathiya."

"Aibu ya saa moja na wivu wa mwaka, chagua wewe. Mimi nimechoka kulala na kanisa."

Studio ilikuwa gereji ya zamani huko kaskazini mashariki ya Minneapolis. Natasha alimfungulia, mwanamke mwembamba mwenye soksi za sufi bila viatu, akamwonyesha kwa ishara anyamaze. Nyuma ya kioo walikuwa wanarekodi. Kinanda kilikuwa pale, cha mbao, na spika yake kubwa yenye kitu ndani kinachozunguka na kuitetemesha sauti, na Muriuki ameketi mgongo wima.

Ulikuwa Basi la Mwisho. Badawy alisimama na sinia mikononi akingoja mlango wake, yaani pale alipozoea kuingia. Pakapita patupu. Muriuki hakupiga kitu. Alfred akaanza kuimba na gita tu chini yake, sauti yake ya mchanga, imepasuka pembeni, na Muriuki bado kimya. Ubeti wa pili ndipo noti moja ikaja, ndefu, ya chini, ikakaa chini ya sauti ya mzee na kuibeba bila kujionyesha.

Badawy alilielewa jambo lile haraka kuliko alivyopenda. Yule kijana hakufundishwa mlango, kwa hiyo alikaa nje, na alipokaa nje akagundua kwamba Alfred wa leo anahitaji nafasi. Badawy ndiye aliyemnyima, na kwa kumnyima amempa kitu bora zaidi. Sinia lilianza kuwa zito.

Walipopumzika watu wakazijia sambusa. Muriuki alimfuata Badawy nje, kwenye maegesho ya magari.

"Mzee, hukunijibu message."

"Sikukujibu."

"Sawa tu." Muriuki aliingiza mikono mifukoni. "Wacha nikwambie kitu. Ile siku kwa Alfred, mimi nilijua. Niliona ulikuwa una-refuse tu kwa heshima. Hata kwetu ni hivyo."

Badawy alikuwa ameyangoja maneno hayo wiki tano, na sasa yamekuja hakujua pa kuyaweka. "Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Kwa sababu nilikuwa naitaka, mzee. Miaka ishirini nacheza kanisani, hakuna mtu huandika jina ya keyboardist. Nilisema Mungu nisamehe, lakini hii siachi."

"Na mimi nilikitaka," akasema Badawy. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya mtu asiye mkewe. Lilitoka kirahisi, hata akashangaa. "Nakitaka mpaka sasa."

"Basi ingia umwambie Alfred. Mimi sitakuzuia. Lakini pia sitakupa."

Badawy aliingia. Alfred alikuwa ameketi kwenye kochi na mahamri mawili juu ya kitambaa cha karatasi. Badawy alisimama mbele yake kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Alfred, nataka kupiga Basi la Mwisho. Siku ile jikoni nilitaka. Nilisema hapana, lakini nilitaka."

Alfred aliacha kutafuna. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

"Kwetu ni tatu," akasema Badawy, na kwa aibu akaeleza yote, ya kwanza na ya pili na ya tatu, na Muriuki aliyekuwa mlangoni akasema ni kweli, hivyo ndivyo, na kwamba yeye alijua na hakusema. Alfred aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Miaka kumi na minne," akasema taratibu. "Katika safari zote zile, nikikuuliza kama una njaa ukasema huna."

"Nilikuwa na njaa."

"Fargo, ule mwaka hita ya gari iliharibika, nikakuuliza kama unasikia baridi."

"Nilisikia sana."

Natasha alicheka mpaka akakaa chini. Alfred hakucheka mara moja. Alisema: "Mimi nilidhani ni dini. Nilidhani hutaki jina lako kwenye santuri yetu, watu wa msikitini wataliona. Nikasema nikuheshimu. Nilikwenda kulala nimeumia, Badawy." Hapo Badawy aliona kumbe siku zote hizo walikuwa wameumia wawili, na yeye alikuwa na nafasi ya kuumia kwake tu.

Wakamkalisha. Badawy aliupiga wimbo kama alivyoupiga maisha yake yote ya Minnesota, akafungua na yale mapambo, akazunguka, akajaza kila pengo kwa ustadi ambao hakuna mtu Saint Paul mwenye nao. Alipiga vizuri. Hakuna angeweza kusema hakupiga vizuri. Alipomaliza mpiga ngoma aligonga fimbo zake mbili pamoja kwa kumpongeza.

Natasha akasema zote mbili ni nzuri, uamuzi ni wa bendi. Alfred akagusa kifaa cha sikioni. "Haya masikio yangu yameliwa na ngoma miaka hamsini," akasema. "Badawy, wewe ndiye huniambia nikitoka nje ya sauti. Sikiliza zote, uniambie ipi."

Zikachezwa, yake kwanza, kisha ya Muriuki. Badawy aliinamisha kichwa, akaomba kimoyomoyo asikie anachotaka kusikia. Katika yake alisikia mpiga kinanda hodari na mzee mmoja anayejitahidi kupumua nyuma yake. Vidole vyake vilipendeza, na kila vilipopendeza vilimfunika Alfred. Katika ile nyingine alimsikia Alfred. Alisikia kila mpasuko wa koo lile, basi tupu, nyumba inapita, na chini yake ile noti ya Muriuki inayongoja. Wivu ulimpanda. Angeweza kusema yangu. Mtu yeyote angemwamini. Lakini hii ilikuwa santuri ya mwisho ya Alfred, na sikio lake Badawy halikuwahi kumdanganya mtu yule hata siku moja.

"Ya Muriuki," akasema.

Alfred akaanza kutabasamu. Tabasamu lilipanda mpaka likajaza uso mzima. "Aa, aa. Mara hii sikosei. Nakuuliza ya pili: ipi?"

"Ya Muriuki, Alfred. Nasema kweli. Ya kwangu inakufunika."

"Mmemsikia?" Alfred aliwageukia wengine, machozi ya furaha yanamlenga. "Ndivyo wanavyosema kwao. Miaka kumi na minne nimemwacha mtu huyu na njaa." Akainuka kwa shida, akaja, akamshika Badawy mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikono ya joto na mikavu. "Sasa nakuuliza ya tatu, ndugu yangu. Uko tayari kuwa kwenye santuri yangu?"

Badawy alimtafuta Muriuki kwa macho. Muriuki alisimama karibu na mlango, ameshika sambusa asiyoila, na usoni mwake Badawy aliona kwamba naye amesikia tofauti ileile, noti kwa noti. Ilitosha Muriuki aseme neno moja. Lakini angesemaje, yeye aliyenyamaza jikoni, akaungama mbele ya wote dakika arobaini zilizopita? Angeonekana anakipigania kiti cha mzee. Akatazama chini.

Badawy alikuwa amesema kweli mara mbili. Mara ya tatu alikitaka kiti.

"Ndiyo," akasema.

Watu wakapiga makofi. Natasha akamletea karatasi akamwomba aandike jina lake kama anavyotaka lichapishwe, na Badawy akaliandika kwa herufi kubwa, pamoja na la babake. Muriuki akaja kumpa mkono. "Hongera, mzee," akasema, na akashika njia kwenda zamu yake hospitalini.

Saa kumi na moja Badawy alimpitia Fathiya kwenye maegesho ya lile duka kubwa. Fathiya alipanda na mifuko miwili, akamtazama usoni kabla hajafunga mlango.

"Umekipata?"

"Nimekipata. Wataweka wimbo wangu. Jina limeandikwa."

"Alhamdulillahi." Fathiya alifunga mkanda. "N'likwambia useme. Na yule mwenzio je?"

Badawy alikaa na mikono juu ya usukani. "Yeye alipiga kuliko mimi, Fathiya. Wallahi nakwambia. Wimbo ule alinishinda, na mzee ataondoka duniani na ule wangu."

Fathiya alimgeukia, akamgonga bega kwa upendo, na kicheko chake kikajaa gari zima.

"Wewe nawe na adabu zako," akasema. "Hata kwangu mimi?"

Badawy aliwasha gari, akatoka polepole kwenye mstari wa magari.